Dodoma: mgeni ameanza kuulizia shamba la zabibu, na sisi tunalikata viwanja

Mleta uzi

Wanajamvi, mbukwenyi. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu, leo naomba mnivumilie niandike kwa urefu.

Mimi ni mkulima wa zabibu upande wa Mpunguzi, barabara ya Iringa. Shamba ni la marehemu baba, ekari moja na nusu, na mizabibu mingi ni ile Makutupora nyekundu ambayo wazee wengi wa huku walianza nayo.

Mwezi wa nane mwaka jana binamu yangu mwenye bajaji alinipigia simu. Alikuwa na abiria wawili, mtu na mkewe kutoka Dar, wameshuka kwenye treni ya umeme asubuhi ileile. Hawakuja wizarani, hawakuja msibani, hawana ndugu hapa. Wamekuja kuona zabibu. Alishawapitisha Nyerere Square na Msikiti wa Gaddafi, wakapiga picha, na ilipofika saa tano alikuwa hana pengine pa kuwapeleka. Akaniuliza, "Kaka, nije nao kwako?"

Mama akatoa viti viwili akaviweka chini ya mbuyu. Wageni hawakuvikalia. Tulikuwa katikati ya kuvuna, wakaingia moja kwa moja kwenye mistari. Yule dada akashika kichala kwa viganja vyote viwili, akauliza ule unga mweupe juu ya zabibu ni dawa au vumbi. Nikamwambia ni nta ya tunda lenyewe, nikafuta punje moja kwa kidole gumba aone ngozi inavyong'aa chini yake. Akaona jani lenye madoa, akauliza tena. Nikamweleza ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unavyoingia, na kwa nini tunawahi salfa kabla jua halijawa kali. Nikampa mkasi, akajaza nusu kreti huku mumewe akimrekodi kwa simu. Mchana wakala ugali wa uwele na mlenda aliousonga mama, wakauliza mlenda ule umepikwaje mpaka mama akawapeleka jikoni kuwaonyesha. Saa kumi wakaondoka, wakamwachia mama bahasha. Tulipoifungua jioni ilikuwa na pesa ya kreti nne, na zabibu walizobeba hazikujaa ndoo ndogo.

Sasa linganisheni na msimu uliotangulia. Mnunuzi tuliyekuwa tumeahidiana naye (simtaji) alisema matangi yamejaa, nisubiri. Zabibu ikishakatwa haisubiri. Siku ya kwanza na ya pili zilikaa vizuri kivulini, siku ya tatu kreti za chini zikaanza kuvuja, siku ya nne nyuki hawaambiliki. Tulimwaga korongoni mimi na mdogo wangu, kreti baada ya kreti, hatusemezani.

Ndiyo maana nimeandika. Tangu niko mdogo habari ya zabibu ya Dodoma ni moja: soko, kiwanda, bei, mchuzi wa zabibu (ile juisi ya kutengenezea mvinyo) umekosa mnunuzi. Sijasema si kweli, naishi humo. Lakini siku ile chini ya mbuyu niliona soko ambalo halihitaji tangi la mtu, linakuja lenyewe kwa treni, na lingelala mpaka kesho yake kama tungekuwa na pa kulilaza.

Na hapo ndipo penye uchungu wangu. Wiki mbili baada ya wale wageni nilikuta bikoni ya zege imechimbiwa kwenye shamba la jirani, mstari wa tatu kutoka mpaka wetu, katikati ya mizabibu miwili iliyokuwa bado ina vichala. Ekari mbili zile sasa ni viwanja. Jirani simlaumu hata kidogo, ana watoto chuo na zabibu zake zilimwagwa kama zangu. Ila mizabibu imeng'olewa, na nguzo za waya zimeuzwa kuni.

Naomba tujadili hili: Dodoma inakua, utalii tunauimba, lakini kitu ambacho hakuna mkoa mwingine Tanzania unacho kwa kiwango hiki ndicho tunachokiondoa ili tujenge gesti za kulaza wageni. Wageni wa kuja kuona nini?

Nawasilisha.

Mdau 2

Mkuu pole kwa hasara. Ila tuwe wakweli, mtalii anakuja Tanzania kuona simba, Kilimanjaro na Zanzibar. Hakuna mzungu atakayepanda ndege kuja kuangalia mizabibu ya Mpunguzi wakati kwao ipo. Na jiji lazima lipanuke, watu wanahamia kila siku. Unataka wajenge hewani?

Mleta uzi

Asante mkuu, hoja yako nimeifikiria sana hata kabla hujaiandika.

Kwanza, mgeni wangu wa kwanza hakuwa mzungu. Alikuwa Mtanzania wa Dar. Treni ya umeme ilianza safari za Dar hadi Dodoma Julai 2024, ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti. Safari iliyokuwa inakula siku nzima kwa basi sasa ni takriban saa tatu na nusu hadi nne. Nenda stesheni Ijumaa jioni uangalie mabehewa yanayoelekea Dar: watumishi wanarudi kwa familia zao, kwa sababu hapa Jumamosi hawana pa kumpeleka mtoto. Tungekuwa na mashamba matano tu yaliyo tayari kupokea watu, baadhi yao wangeita familia ije huku. Hao ndio watalii wa kuanzia, wanajua Kiswahili na mlenda hautawashangaza.

Pili, huko kwa wazungu unakosema zabibu ipo, inavunwa mara moja kwa mwaka. Mzabibu wa kwao unalala wakati wa baridi. Wa kwetu haulali, tunauamsha sisi kwa mkasi. Ukishapunguza matawi, macho yanachipua, unahesabu miezi yako mpaka kuvuna. Ndiyo maana tunavuna mara mbili, mwezi wa pili na wa tatu, kisha wa nane na wa tisa. Mavuno ya pili yanaangukia kiangazi, wakati uleule wageni wa mbugani wamejaa nchini. Kwa wenzetu wa kusini mwa Afrika Agosti mizabibu ni vijiti vitupu. Mgeni anayeshuka Ruaha akipitia Iringa anapita mlangoni kwangu, na wakati huo vichala viko juu.

Tatu, kuhusu kujenga. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 mjini hapa, ya 2022 ikakuta 765,179. Najua hawa watu walale wapi ni swali la kweli. Lakini Dodoma si kisiwa, ardhi ya vichaka na mawe ipo tele pande zote. Mizabibu inahitaji udongo wake na maji yake. Nyumba inasimama popote penye barabara. Kwa nini bikoni ianzie kwenye mizabibu?

Mdau 3 (niko Cape Town)

Mleta uzi umenigusa, naomba nichangie. Nimefanya kazi hotelini huku Western Cape miaka kadhaa.

Huku zabibu na bahari ni majirani. Mgeni asubuhi yuko Hermanus anatazama nyangumi, kuanzia Juni mpaka Novemba wanakuja karibu na miamba, mchana yuko bonde la Hemel-en-Aarde, mwendo mfupi tu kutoka ufukweni, anaonja mvinyo. Ule upepo baridi wa bahari ndio unaofanya zabibu za pale ziive taratibu. Lakini msidhani utalii wa mvinyo ulizaliwa na bahari. Jan van Riebeeck aliandika mvinyo wa kwanza wa Cape mwaka 1659, na kwa zaidi ya miaka 300 shamba lilikuwa shamba tu. Njia ya mvinyo ya Stellenbosch ilianzishwa 1971 na wakulima watatu, wa Simonsig, Delheim na Spier. Wakulima. Walikubaliana waweke vibao barabarani na wafungue milango ili mgeni atoke shamba hili aende lile akiwa na ramani moja mkononi. Leo Franschhoek wana hadi tramu, tangu 2012, inazungusha watu mashambani mchana kutwa, mgeni anaonja bila kushika usukani.

Sasa upande wa pili, maana huu hausemwi kwenye matangazo. Novemba 2012 vibarua wa mashamba ya zabibu De Doorns waligoma, mgomo ukasambaa jimboni hadi Januari 2013. Kima chao cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Siku nzima juani, na chupa moja kwenye mgahawa wa shamba inauzwa zaidi ya hapo. Baada ya mgomo kikapandishwa hadi randi 105. Na kabla ya hapo kulikuwa na utaratibu wa zamani wa kumlipa kibarua sehemu ya ujira wake kwa mvinyo. Ulipigwa marufuku, lakini madhara yake kwa watoto waliozaliwa na mama walevi bado yanaonekana vijijini mpaka leo. Nimefanya kazi na vijana wa familia hizo.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukijenga utalii wa zabibu jenga na kibarua wako akiwa ndani. Usije ukaleta wageni wapige picha na mtu mwenye njaa.

Mleta uzi

Mkuu wa Cape Town, hili la De Doorns nililisikia juujuu tu, umenipa kitu cha kubeba. Kwangu vibarua ni akina mama wanne wa kijijini, tunakula sufuria moja, lakini ukweli ni kwamba siku wale wageni walipoacha bahasha, mama zangu hawa sikuwapa kitu zaidi ya ujira wao wa kawaida. Waliwafundisha wageni kukata kichala bila kukivua nta, na mimi nikaweka bahasha mfukoni kwa mama. Msimu huu tumekubaliana, mgeni akija, wanayo sehemu yao.

Na kuhusu bahari: sisi hatuna, lakini tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba usiku Dodoma unavaa koti. Hewa ni kavu, mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Hivyo ndivyo zabibu ilivyotupenda tangu wamisionari wa Kitaliano walipoileta, na wazee wa huku ukiwauliza wanakuonyesha kidole upande wa Bihawana.

Mdau 4

Mimi ni Mwislamu na pombe situmii wala siiungi mkono. Naona uzi mzima ni mvinyo, mvinyo. Watoto wetu tunawafundisha nini?

Mleta uzi

Shehe wangu, nakuheshimu na nakushukuru umesema bila kutukana. Jirani yangu wa upande wa kaskazini ni Mwislamu na ana mizabibu kunizidi. Yeye anakausha. Anatandaza vichala kwenye chanja za wavu chini ya paa la makuti, anapindua kila siku, na Ramadhani inapokaribia hana hata kilo ya kubakiza. Mwingine anakamua juisi. Wale wageni wangu wawili kwangu hawakuonja tone la pombe, walikula zabibu na mlenda. Ninachokililia ni shamba, na shamba lina nafasi ya kila mtu.

Mdau 5 (Kondoa)

Mimi naongoza wageni kwenye michoro ya miambani Kolo. Iliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Naomba niseme ninachokiona kazini: wageni wanaokuja kwangu wengi wanatoka Arusha kupitia Babati, wanapanda miamba ya Mongomi, wananishukuru, wanageuza gari kurudi kaskazini. Dodoma mjini hawafiki, na barabara ni lami tupu. Nikiwauliza kwa nini wasiendelee kusini wananiuliza, kuna nini huko? Nabaki kutaja Bunge.

Ningekuwa na mtu wa kumpigia simu nikamwambia nina watu sita, kesho saa nne watakuwa shambani kwako, wapate chakula na wasikie zeze na ilimba za Kigogo, ningeuza siku mbili badala ya moja. Chamwino wana tamasha la muziki wa Cigogo, na Msalato kila Jumamosi kuna mnada, nyama choma mpaka macho yanakataa. Vitu vipo, kila kimoja kimekaa peke yake.

Mleta uzi

Mkuu wa Kolo, nakutumia namba yangu faragha sasa hivi.

Mdau 6

Naunga mkono hoja, lakini mbona hamgusi maji? Dodoma tunapata maji kwa mgao. Mkiongeza mashamba, hoteli na mabwawa ya kuogelea, sisi wa mitaani tutakunywa nini? Mleta uzi jibu hili bila kukwepa.

Mleta uzi

Silikwepi mkuu, na nakiri ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata bikoni.

Kuna bonde moja Mexico linaitwa Valle de Guadalupe, kilomita 30 hivi kutoka mji wa bandari wa Ensenada, pwani ya Pasifiki. Ni nchi kavu kama yetu, na ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mvinyo wa Mexico. Kila Agosti wana sherehe za mavuno, watu wanamiminika mpaka kutoka California. Ilianza na wakulima na migahawa midogo. Sifa ikapanda, wakaja wenye pesa: hoteli, majumba ya kupangisha, kumbi za muziki. Ardhi ya mizabibu ikawa na thamani zaidi ikiwa haina mizabibu. Wakulima wenyewe wakaingia kwenye kupigania bonde lao, wakidai sheria za matumizi ya ardhi zifuatwe. Na maji ya chini ya bonde lile yanavutwa kupita yanavyorudi, maana mashamba yanayanywa, wageni wanayaoga, na mji wa Ensenada nao unayategemea.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Kwa sababu hiyo ni Makutupora.

Ninyi wa mjini, maji mnayokunywa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Jina lilelile la zabibu yangu. Kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI kiko hukohuko. Vipimo vya kina cha maji ya bonde lile vimewekwa tangu 1955, ni kati ya kumbukumbu ndefu kuliko nyingi barani Afrika, na wataalamu waliozichambua waligundua jambo ambalo kila mwenye jembe anapaswa kulijua: maji yale hayajai kidogokidogo kila mwaka. Miaka inapita yakishuka tu, halafu inakuja misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya El Niño ya 1997/98, ndiyo inayoyarudisha juu. Ina maana tunakula akiba ambayo mwenye kuiweka hatumjui atarudi lini.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mzabibu ukishashika mizizi si mlevi wa maji. Kwa umwagiliaji wa matone unapata kinachoutosha, na majani yakibaki makavu hata ugonjwa unapungua. Mimi bado namwagilia kwa mfereji nusu ya shamba, na kila ninapofungua maji yale yakaanza kutuama kati ya mistari najua nayapoteza. Mwaka huu bahasha ya wale wageni imenunua mipira ya matone ya mistari minane. Hoteli yenye bwawa la kuogelea na bustani ya nyasi za Ulaya siyo utalii wa zabibu, hiyo ijengwe kwingine penye mto. Mgeni wangu, siku nikiwa na pa kumlaza, ataogea ndoo moja ya maji ya moto, na sidhani kama atalalamika. Na Cape Town, mji wenye mabwawa makubwa na wataalamu wa kila aina, Februari 2018 iliwapa watu kikomo cha lita 50 kila mmoja kwa siku. Tusisubiri tufike huko ndipo tuanze kuhesabu.

Mdau 3 (niko Cape Town)

Nathibitisha. Tulikuwa tunasimama ndani ya beseni wakati wa kuoga ili maji yale yamwagwe chooni. Wageni hotelini tuliwawekea kipima muda bafuni.

Mdau 2

Nimerudi. Mkuu nilikujibu kwa haraka mwanzo. Naomba kuuliza kwa nia njema: sasa jirani yako mwenye watoto chuo afanyeje? Kiwanja kimoja kinampa pesa ambayo zabibu hazimpi kwa miaka kumi. Huwezi kumwambia akae na mizabibu ili wewe upate mandhari.

Mleta uzi

Umeuliza lile lile nililojiuliza siku nilipoona bikoni.

Siwezi kumwambia, na sikumwambia. Nadhani mambo mawili yanaweza kumsaidia anayefuata. La kwanza ni mpango kabambe wa jiji. Ardhi ikiandikwa kuwa ya kilimo cha zabibu na ikalindwa hivyo, bei ya dalali inashuka na kelele za kuuza zinapungua. Lakini hilo peke yake litakuwa ni kumfunga mkulima mikono, kwa hiyo lazima liende na la pili: pesa iingie shambani mara zaidi ya mbili kwa mwaka. Serikali tayari inatoza ushuru nafuu kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini, na hiyo imesaidia wasindikaji wadogo kusimama. Sasa hao wasindikaji wafungue mlango wa mbele. Wengi wako humu mjini, ndani ya ua, geti limefungwa, ukitaka chupa unaenda duka la jumla. Chumba kimoja chenye meza, glasi kumi na mtu anayejua kueleza zabibu ilitoka shamba gani. Mgeni akitoka pale anaelekezwa shambani, na shamba linalotajwa linakuwa na jina.

Jina lina kazi kubwa. Zamani tulikuwa na kiwanda cha mvinyo cha serikali, DOWICO, baba aliwahi kupeleka mzigo pale. Kilipokufa, mizabibu mingi iling'olewa kwa hasira, maana mkulima hakuwa na kitu kingine zaidi ya lile geti moja. Baba hakung'oa. Alisema atakula mwenyewe. Nilikuwa mtoto, nakumbuka msimu ule tulikula zabibu mpaka meno yakawa yanaogopa maji ya baridi.

Mdau 7

Mimi nina kiwanja Mpunguzi nilichonunua mwaka juzi, na kwa maelezo haya naanza kuhisi ni shamba la mtu kama jirani yako. Sikujua. Kuna mizabibu michache imebaki pembeni. Nikiiacha itazaa, au ndiyo imeshakufa?

Mleta uzi

Ndugu yangu usiing'oe. Angalia shina chini kama mchwa hawajalipitia: kwaruza gome kwa ukucha, ukiona kijani ndani bado iko hai. Ondoa matawi makavu yote, acha manne yenye afya, kila moja ulikate ubakize macho mawili au matatu. Usikate leo, subiri mvua ziishe. Weka samadi na matandazo, maji kidogo kila wiki. Ukijenga, jenga upande mwingine, mizabibu uiwekee chanja iwe kivuli cha kibaraza chako.

Nitafute faragha unielekeze kilipo. Jumamosi natoka mnadani Msalato saa tisa, napitia na mkasi wangu, hakuna malipo.

Kwa wengine: Alhamisi tuna kikao cha ushirika, na ajenda ya kwanza niliyopeleka ni kumwomba ofisa ardhi aje na ramani atuonyeshe mashamba yetu yameandikwa kuwa nini. Nitaleta mrejesho hapa.